Nyufa za Matarumbeta ya Ashiraf

Pontien alikuwa fundi wa kunyoosha. Si wa kuchomelea, si wa kuziba tundu kwa gundi na kumdanganya mteja kwamba kitu kimepona. Wa kunyoosha. Ukimpelekea sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe, anakurudishia sufuria, na ukitafuta pale ng'ombe alipokanyaga utatafuta mpaka uchoke. Ufundi huo alifundishwa na baba yake huko Gitega, Burundi, akaja nao kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2015 pamoja na nyundo tatu, mkewe Capitoline na binti yao Doriane, ambaye sasa ameolewa upande wa Kikagate. Vingine vyote walivyokuwa navyo vilibaki njiani.

Na usidhani ni kazi ya kugongagonga tu. Wapo wanaogongagonga, nimewaona, na Mungu awasamehe. Pontien alilaza shaba juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, akaingiza nyundo kwa ndani, akagonga taratibu, pigo dogo pembeni mwa pigo dogo, mia moja, mia mbili, mpaka bonde likainuka lenyewe bila kujua limeinuliwa na nani. Akifanya kazi hakuwa mtu wa maneno. Capitoline alizoea kumsemesha nusu saa nzima na kujibiwa "ndiyo" moja, tena mahali pasipotakiwa.

Mteja wake mkubwa alikuwa Ashiraf, sajini mstaafu wa pale Mbarara. Ashiraf alikuwa na bendi ya matarumbeta ya kupiga kwenye harusi na mazishi, watu tisa, karibu wote wastaafu, na vyombo vyao vilikuwa vimestaafu kabla yao. Kila chombo kilikuwa na bonde lake na historia ya bonde hilo. Ashiraf alivileta kwa Pontien kimoja kimoja, akaviacha wiki kadhaa, akavichukua vikiwa vimenyooka. Mambo yalikwenda hivyo vizuri tu, hadi mwaka jana mwizi alipotoboa ukuta wa matope wa karakana akaondoka na redio.

Tangu siku hiyo Pontien hakulaza tarumbeta la mtu kwenye karakana yake. Alilitia kwenye chumba cha mbuzi. Mtu mgeni akisikia hivi atacheka, lakini Pontien alikuwa amefikiri sana. Mbuzi wake saba walilala kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, kimeshikana na nyumba, na mgeni hawezi kutia mguu humo bila mbuzi wote kupiga kelele na kuamsha kijiji. Mlinzi gani mwingine angempata kwa majani tu? Alitundika matarumbeta darini, juu ya migongo ya mbuzi, akajiona mwerevu kweli kweli.

"Papa Doriane," Capitoline alimwambia, "vyombo vya watu haviishi na mbuzi."

"Mwizi haingii mule."

"Hata mimi siingii mule. Machozi yananitoka."

"Ndiyo," alisema Pontien, na mazungumzo yakaishia hapo.

Miezi miwili baadaye Ashiraf alirudisha tarumbeta la kwanza. Lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, tena palepale Pontien alipokuwa amenyoosha. Pontien aliuziba shingo upande, akaomba radhi, akajisemea ni shaba mbovu. Kisha likaja la pili. Hili hata halikuwa limepulizwa. Mwenyewe alilitoa kwenye mfuko asubuhi, akalikuta limepasuka lenyewe, bila kuanguka, bila kuguswa. Baada ya hilo Pontien hakusema tena juu ya shaba mbovu.

Alianza kujitazama mikono. Baba yake, miaka yake ya mwisho, alikuwa ameharibikiwa mkono bila kujua. Vidole vilikufa ganzi, akawa anapiga kwa nguvu kuliko alivyodhani, na watu wakaona haya kumwambia mzee kwamba anaharibu. Walikuwa wanapokea vyombo vyao, wanashukuru, wanakwenda kuvitupa. Pontien alikuwa na miaka hamsini na tisa sasa, umri uleule. Alikaa mlangoni akifumba na kufumbua ngumi, akijaribu kukumbuka kama zamani nyundo ilikuwa nyepesi hivi, na usiku akalala palepale kitini.

Ndipo Ashiraf akaleta besi, lile tarumbeta kubwa la kuvaa begani, roho ya bendi nzima. Lilikuwa limegongwa na mlango wa gari, likaingia bonde la ukubwa wa kichwa cha mtoto. "Hii moja tu nimebaki nayo ya kutetemesha watu," Ashiraf alisema. "Mzee, hii usifanye kama zile." Alisema kwa utani, lakini Pontien hakucheka. Alilitundika kwa mbuzi, na siku hiyohiyo akamwambia mkewe kwamba atalinyoosha hilo, halafu basi, anaweka nyundo chini. Wiki tano zikapita hajaligusa wala kuinua macho darini kulitazama. Aliogopa. Hakuna haja ya kulipamba jambo hili. Mwanamume mzima alikiogopa kipande cha shaba.

Ufa wa tatu ulitokea hadharani. Bendi ilikuwa kwenye sherehe ya kumtoa bibi harusi, nje kidogo ya Mbarara, wageni mia nne, maziwa yanamiminwa, wazee wameketi na fimbo zao. Ashiraf akajaza mashavu, akapuliza, na badala ya sauti likatoka jambo ambalo sitaliandika hapa kwa heshima ya bibi harusi. Mahema mawili yaliangua kicheko. Ashiraf akatazama chombo chake, akaona kimefunguka ubavuni urefu wa kidole.

Dada wa bibi harusi hakucheka. Jina lake Clare, mhandisi, mwalimu wa chuo hapo mjini, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchunguza jinsi chuma na shaba zinavyopasuka. Alivuka uwanja na gomesi lake, gauni la sherehe, akaliomba tarumbeta, akaukagua ufa kwa kioo kidogo alichokitoa kwenye mkoba. Hebu fikiri, mtu anakwenda harusini na kioo cha kukuzia! Akauliza ni nani aliyelitengeneza.

Basi Pontien akapigiwa simu. "Mzee, Alhamisi unakuja Mbarara," Ashiraf alisema. "Kuna mwalimu ya chuo anataka kuona wewe. Kwa sababu ya hii mambo ya kupasuka. Unakuja na nyundo yako."

Pontien alielewa anaitwa kushtakiwa. Nyundo ni ya ushahidi, isingekuwa na kazi nyingine. Alivaa koti la misa, akafunga nyundo ndogo kwenye kitambaa, akapanda gari Rwekubo bila kunywa chai. Capitoline alimsindikiza hadi barabarani, akamnyooshea kola.

Maabara ya Clare ilikuwa chumba kirefu chenye meza za mbao na mashine moja kubwa iliyofunikwa shuka. Ashiraf alikuwa amekwisha fika, ameketi wima kama yuko gwaride. Clare alimpokea Pontien kwa mikono miwili. "Karibu, Taata. Pole na safari." Kiswahili chake kilikuwa cha Dar es Salaam, alikosomea, lakini adabu ilikuwa ya kwao Ankole. Pontien alichanganyikiwa. Anayekushtaki hakuiti baba.

"Mwalimu," alisema akiwa bado amesimama, "mimi sitasumbua mutu. Ni mukono wangu umekwisha. Ile fasi yote imepasuka ni fasi niligonga mimi. Nimekuja kusema vile."

"Nani amekwambia ni mkono?"

"Shaba ndiyo imeniambia."

Clare alitabasamu. "Shaba tutaiuliza vizuri. Keti kwanza, Taata, unywe chai."

Alimwonyesha vipande vya shaba njano, vyembamba, upana wa vidole vitatu. Usoni mwa kila kipande alikuwa amechapa wavu wa mistari ya wino, midogo kiasi kwamba kwa macho matupu ulionekana kama kivuli. Chini ya kamera yake, ule wavu ulitokea kwenye kompyuta kama wavu wa kuvulia dagaa, vijumba vyote sawa. "Shaba ikivutwa au ikibonyezwa," alieleza, "vijumba navyo vinavutika. Napiga picha kabla, napiga picha baada, kompyuta inalinganisha kila kijumba na kupaka nyekundu palipovutika zaidi. Tatizo la metali ni kwamba haiumii sawasawa. Kwa nje unaona bonde moja, kumbe ndani kuna mahali padogo sana pamebeba mateso yote. Hapo padogo ndipo ninapotafuta." Akageuza kipande, akakilaza uso chini juu ya mto wa ngozi. "Nipigie kwa nyuma, kama unavyofanya siku zote."

Pontien alifungua kitambaa. Aliishika nyundo, akaiachia, akaishika tena, na Ashiraf akatazama dirishani. Pigo la kwanza halikuwa zuri. La pili lilikuwa afadhali. Kufika la ishirini Pontien alikuwa amesahau wako wapi, na Clare alipomwambia inatosha alijibu "ndiyo" akaendelea kugonga. Alipiga vipande sita.

"Na mimi nipige," Ashiraf alidai. Akapewa kipande chake, akakiadhibu.

Picha zilipotoka, cha Ashiraf kilikuwa na doa jekundu la moto katikati na kwingine hakuna kitu. "Banange!" alisema mwenyewe. "Hapa nimeua mtu." Vya Pontien vilikuwa vya rangi ya manjano iliyotandaa taratibu, pigo likipokea pigo, na ukingoni tu, pale nyundo ilipoishia, palikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Clare aliikuza picha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Sijawahi kuona mtu anagonga sawasawa hivi kwa mkono," alisema.

Ashiraf alisimama, akampiga Pontien begani. "Unaona? Mimi nilisema! Ni ile shaba ya kiwanda, mbaya kabisa. Mzee, samehe mimi. Maneno yote nilisema, nimerudisha."

Pontien alihisi kifua kikifunguka. Angeweza kusimama hapo hapo, kuaga, na kurudi nyumbani na jina lake. Lakini Clare alikuwa bado anafanya kazi. Alichukua baadhi ya vipande, akavining'iniza ndani ya mtungi wa kioo wenye maji kidogo chini. "Bado kuna swali moja," alisema. "Mvuto peke yake haupasui shaba hivi. Ufa wa lile tarumbeta ulikuwa umeliwa. Kuna kitu hewani kilichokuja kuula ule mstari mwekundu polepole. Ninadhani nakijua, lakini sijui kingetoka wapi." Akafungua chupa ndogo, akamimina dawa ya amonia mtungini, na hewa yake ikafika upande wao wa meza.

Ashiraf alikohoa. Pontien hakukohoa. Alisimama wima, macho yakaanza kumtoka machozi, na pua yake ikamwambia yuko nyumbani, saa kumi na mbili asubuhi, anafungua mlango wa mbuzi.

Harufu ilikuwa ileile. Ya kuchoma pua, ya mkojo uliolala usiku kucha kwenye chumba kisicho na dirisha.

Sasa, hakuna aliyemuuliza. Ashiraf alikuwa amekwisha omba radhi na lawama imeshapewa kiwanda ambacho hakuna anayekijua. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kupumua. Pontien alikunja kitambaa chake mara mbili, tayari kuaga. Kisha akaona kwamba akinyamaza ataondoka na jina safi na hatajua kamwe kama mkono wake ni mzima.

"Mwalimu, hii arufu naijua," alisema. "Ni ya mbuzi wangu."

"Mbuzi?"

"Matarumbeta yanalala na mbuzi. Mwaka muzima sasa. Ni mimi niliyaweka, juu ya kuogopa mwizi." Akamgeukia Ashiraf. "Afande, si kiwanda. Ni mimi."

Ashiraf alimsogelea Pontien. "Wewe," alisema polepole, "uliweka tarumbeta yangu kulala na mbuzi?"

"Saba."

"Mbuzi saba!" Sauti ilipanda, na Pontien akajiandaa kupokea tusi la kijeshi. Lakini kitu kilimkatika Ashiraf katikati. Alianza kucheka, akashika meza, akacheka hadi akakaa chini. "Ndiyo maana! Ile harusi, mimi nimepuliza, nikasikia arufu ya mbuzi, nikafikiri ni chakula!" Ghafla akanyamaza, uso ukabadilika. "Mzee. Besi iko wapi?"

Pontien alikuwa tayari anatafuta simu mfukoni. Vidole havikumtii, Clare akampigia, akaiweka sauti ya kusikika na wote.

"Mama Doriane! Kimbia kwa mbuzi! Toa besi!"

"Besi gani?" Capitoline alijibu. "Haiko kwa mbuzi."

"Iko fasi gani?"

"Kitandani. Fasi yako, ukutani, na blanketi yako juu yake. Imekaa hapo tangu ile siku uliileta. Wewe unalala kwenye kiti hapo mlangoni ukitazama mikono, utajuaje?" Akavuta pumzi. "Ulisema ni kazi yako ya mwisho. Ningeacha kazi yako ya mwisho inuke mbuzi?"

Ashiraf alijifuta macho na kofia. Clare alitazama mtungi wake kana kwamba kuna jambo la haraka humo. Pontien alisema tu "ndiyo," na safari hii lilikuwa mahali pake.

Clare aliwaambia warudi baada ya siku sita. Kabla Pontien hajaondoka alimtaka apige vipande vingine vinne, na hivyo akavitia kwenye tanuri dogo lenye joto la wastani, akavitoa, akaviacha vipoe. "Joto kidogo linailegeza shaba," alisema. "Haibadiliki umbo, ila mvuto uliojifungia ndani unaachia." Pontien alipigwa na butwaa. Baba yake, kila akimaliza chombo, alikifukia kwenye majivu ya moto, akasali rozari nzima kabla ya kukifukua. Pontien alidhani ni ibada. Walipofika Nakivale kuni zikawa shida, naye akaona Mungu ataelewa akisali bila majivu. Alimweleza Clare haya kwa aibu, na Clare akayaandika yote, hata rozari.

Siku sita hizo Pontien hakugusa nyundo. Alitoboa dirisha kwenye chumba cha mbuzi, akabadilisha majani, akaomba msamaha kwa mkewe kwa njia anayoijua yeye, yaani kubeba maji bila kutumwa. Hofu ilikuwa imepungua lakini haikuwa imeondoka. Mbuzi walikuwa na kosa, sawa. Lakini huenda na mkono nao ulikuwa nalo. Hilo ndilo alilotaka kujua, na hilo ndilo lililomfanya afike Mbarara siku ya saba kabla mlango wa maabara haujafunguliwa.

Clare alivipanga vipande mezani. "Hivi ulivipiga, vikakaa kwenye hewa safi." Vilikuwa vizima. "Hivi ulivipiga vilevile, vikakaa mtungini." Vimepasuka vyote, na ufa ulifuata ule mstari mwekundu wa ukingoni bila kukosea hata kijumba kimoja. "Na hivi ulivipiga, nikavipa joto, vikakaa mtungini humohumo, siku zilezile." Alivikunja taratibu kwa vidole, akavigeuza chini ya taa. Havikuwa na ufa. Alimpa Pontien kioo aangalie mwenyewe.

Pontien aliangalia cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, akarudi cha kwanza.

"Sasa mukono," alisema.

"Mkono wako ni mzima, Taata."

"Sema tena."

"Mkono wako ni mzima. Kilichoua matarumbeta ni mbuzi na kukosa majivu. Na nina ombi. Nahitaji vipande arobaini kwa utafiti wangu, vilivyopigwa hivi hivi, na hapa chuoni hakuna mtu wala mashine ya kunipigia. Utanisaidia?"

Pontien alikaa. Alilia, na hakuficha. Akafuta uso kwa kile kitambaa cha nyundo, ukachafuka masizi. Kisha akaomba Clare ampigie simu mkewe, na aseme yeye mwenyewe, kwa sababu akisema mume wake hatasadiki.

Clare alipiga, akasalimia kwa heshima, akaeleza yote toka mwanzo, wavu, mtungi, tanuri. Capitoline alisikiliza bila kukatiza. Clare akamalizia, "Kwa hiyo, Mama, tumepima. Mkono wa mzee ni mzima kabisa."

"Mwambieni mimi nilijua bila mashine," Capitoline alisema. "Na mwambieni aje atoe hiyo besi kitandani, mbavu zinaniuma. Mwambieni..."

Sauti ikakatika. Walisubiri.

"Hallo? Hallo!" Ashiraf alipaza sauti karibu na simu. "Network ya Nakivale mbaya sana, kabisa!"

Pontien aliichukua simu mkononi mwa Clare, akaigusisha sikioni. Network ilikuwa nzuri.

"Niko hapa, Mama Doriane," alisema. "Lia tu. Nakuja."